Makoloni Kumi na Mawili

Neema alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nafunga viatu niende kazini. Hakulia. Alisema tu, "Shikamoo dada Pili. Baba ametutoka alfajiri," kisha akangoja, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kutafuta kiti. Kesho yake nilikuwa Nyahanga, mtaa wao pale Kahama, nimekaa kwenye mkeka na wanawake wa mtaa, tunamenya vitunguu vya msiba. Mchana Neema akaja akachutama kando yangu na karatasi mkononi. Ulikuwa wasifu wa marehemu, utakaosomwa makaburini, na aliniomba niupitie kwa kuwa enzi zile mimi ndiye niliyekuwa mchapaji wa mtaa mzima. Niliusoma mara mbili. Kuzaliwa kwake kulikuwemo, ndoa ilikuwemo, miaka ya kuchimba dhahabu upande wa Bulyanhulu, mguu wake uliokatwa, halafu moja kwa moja maradhi yaliyomchukua. Nikamwuliza Neema anakumbuka nini kuhusu ule mwaka wa kafe. Alifikiri. "Nilikuwa darasa la pili, dada. Nakumbuka baba alikuwa anacheza gemu." Sikuwa na neno la kumlaumu. Nilisahihisha herufi mbili tatu, nikamrudishia karatasi, na vitunguu vikanisaidia kuficha macho. Lakini tangu nirudi kwangu mwaka ule haunitoki kichwani, nami naona ni haki yake na yangu kuuandika kama ulivyokuwa.

Kafe ya Mzee Kassimu ilikuwa chumba kimoja kirefu, karibu na stendi ya mabasi ya Kahama, chenye kuta zilizopakwa kijani hadi kiunoni na nyeupe juu yake. Ndani kulikuwa na kompyuta saba. Sita zilikuwa za wateja wa kawaida, na ya saba, iliyokuwa na nguvu kuliko zote, ilikaa pembeni kabisa nyuma ya pazia la mashine ya picha za pasipoti. Chumba kilinuka wino wa printa na vumbi, na kuanzia saa nne asubuhi kikanuka vitunguu vya Mama Neema, niliyemwita dada, aliyepika chakula barazani kwa makubaliano na Mzee Kassimu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu ya chuo ambayo hayakuja. Nilichapa barua za maombi ya kazi za watu wengine. Nilichapa nyingi kiasi kwamba hata leo naweza kukuandikia moja nikiwa nimefumba macho. Niliskani vyeti, nikawafungulia wazee barua pepe, nikawapiga picha wachimbaji waliotoka machimboni na vumbi la mawe kwenye nyusi, wanaofuta uso kwa kiganja na kuniuliza kama wametokea vizuri.

Mchezo ulikuja na fundi mitambo mmoja wa Mwanza aliyefanya kazi migodini. Siku zake za mapumziko alikuwa anaingia, anaketi kwenye kompyuta ya saba dakika kumi tu, analipa saa nzima, anaondoka. Siku moja nikamwuliza anafanya nini kwa dakika kumi. "Nakagua makoloni yangu," akasema, akanionyesha. Kwenye kioo kulikuwa na sayari inazunguka taratibu, kubwa, rangi ya kutu, na juu yake vidude vidogo vimeunganishwa kwa mistari ya mwanga. Alinieleza kuwa vile ni vichimbio, hivi ni viwanda, na kile ni ghala lenye roketi. Unapima ardhi ya sayari, unaweka vichimbio, unavipa muda wa kuchimba, saa kadhaa au siku kadhaa, kisha unafunga kompyuta na kwenda zako. Vinaendelea kuchimba. Ukirudi unakuta mali imejaa, unaibeba kwa chombo chako na kuiuza kwa wachezaji wengine, watu halisi walioko kila pembe ya dunia. Ada ya mchezo ililipwa kila mwezi, lakini ukiwa na mapato ya kutosha ndani ya mchezo, yenyewe yanailipa. "Yaani yanazalisha hata nikiwa nimekaa kwenye basi," alisema. Alipohamishwa kikazi alikuwa ameshanisaidia kufungua akaunti yangu. Baada ya miezi miwili makoloni yangu yakajilipia ada yenyewe. Mzee Kassimu aliniruhusu kutumia ile kompyuta asubuhi kabla wateja hawajajaa, mradi chumba kiwe kimeshafagiliwa.

Baba Neema aliingia kwa aibu. Jina lake lilikuwa Masanja, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa amechimba miaka kumi na moja, na miaka ya mwisho alikuwa msimamizi wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, mpaka siku gogo la kuzuia mwamba lilipovunjika na mguu wake wa kulia ukabaki chini ya mawe. Alitoka hospitali na magongo mawili. Kwa kuwa nyumbani peke yake alikuwa anawaza sana, mkewe alimleta barazani kila asubuhi, akamketisha kwenye benchi karibu na masufuria. Watu walimsalimia kwa ile sauti ya kumsalimia mgonjwa. Siku moja mvua ilipiga barazani, akaingia ndani kujikinga, akasimama nyuma yangu akiegemea magongo. Nilikuwa nahamisha kichimbio, nakipeleka kwenye eneo lililong'aa kabisa kwenye ramani ya sayari, kwa sababu rangi nyeupe ilimaanisha madini mengi.

"Wanachimba wengi hapo?" akauliza.

"Wote wanachimba hapo, shemeji. Ndipo penye mali."

"Basi mali imeshakwenda. Sogea pembeni kidogo, hapo panapoanza kuwa njano. Na hivyo vichwa vyako vya kuchimbia umevibana sana. Kila kimoja kinamnyang'anya mwenzake."

Nilimsikiliza kwa adabu tu. Nikavisogeza. Kesho yake asubuhi nilipofungua ghala nilikuta mzigo karibu mara mbili ya kawaida. Nilitoka barazani nikiwa na ufagio mkononi, nikamwambia, "Shemeji, njoo ndani." Akaja. Hakutoka tena mwaka mzima.

Nilimfungulia akaunti yake, na Mzee Kassimu akatuachia ile kompyuta kutwa nzima. Jina la rubani aliandika Baba Neema, herufi moja moja kwa kidole kimoja, na hakukubali nimsaidie. Mimi nikawa na sayari sita, yeye sita, makoloni kumi na mawili, na kila mmoja wetu alijua kazi yake. Yeye alikuwa mtu wa ardhi. Aliitazama sayari kimya kwa dakika nyingi, akaigeuza na kuigeuza, halafu akaweka kidole kwenye kioo, hapa, na mara nyingi sana alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa mtu wa mpangilio. Nilitengeneza jedwali la kila kiwanda kinachokula nini na kutoa nini, kwa saa ngapi, ili kisikae kiwanda kimoja na njaa wakati mwenzake anamwaga. Leo ndiyo kazi yangu. Nasimamia ratiba ya mashine kwenye kinu cha mchele, na mpunga ukifurika msimu wa mavuno vijana wa ofisini wanashangaa nilivyotulia. Mahali nilipojifunzia utulivu huo ni nyuma ya pazia la picha za pasipoti.

Barazani watu walisema yao, na ukuta wa kafe haukuwa mnene. Nilimsikia mwanamke mmoja, mteja wa siku zote, akimwambia Mama Neema huku akitafuna, "Mumeo amegeuka mtoto, kutwa gemu." Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. "Mume wangu alikaa miezi mitano bila kuongea na mimi," Mama Neema akajibu. "Sasa anarudi nyumbani anaongea mpaka ugali unapoa. Kama hilo gemu linauzwa, mnunulie na wa kwako." Akacheka, na mteja naye akacheka, na mimi ndani nikainamisha kichwa kwenye kibodi nisisikike. Kila siku saa nane mchana mchezo ulifungwa dakika chache kwa matengenezo, dunia nzima, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kula. Mama Neema alituletea wali na dagaa, au michembe iliyopikwa na karanga, viazi vile vitamu vilivyokaushwa ambavyo Baba Neema alisema vilimlea. Alikula akitazama kioo cheusi, anasubiri sayari zake zirudi.

Tulikuwa ndani ya chama cha wachezaji kama mia mbili, wenye kituo chao kikubwa kwenye mfumo wa nyota wenye sayari sita, zile zile tulizochimba. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa huko kaskazini ya mbali, tuliyemjua kwa jina lake la mchezoni tu, Bundi. Alikuwa na sauti ya upole na hakupenda maneno mengi. Msaidizi wake alijiita Nyundo, naye aliyapenda. Tulizungumza nao kwa maikrofoni, mimi nikitafsiri, kwa sababu Baba Neema hakujua Kiingereza. Wao waliona sehemu moja tu ya jina lake inatamkika, kwa hiyo wote, wazee kwa vijana, walimwita Baba. Alipenda, lakini hakuonyesha.

Kuelekea mwisho wa mwaka chama kingine kilituzingira. Walifunga milango yote ya kuingia na kutoka kwenye mfumo wetu, na kila chombo cha mizigo kilichojaribu kupita kililipuliwa. Kituo kililindwa na ngao, na ngao ilihitaji vitu vingi, ambavyo karibu vyote vilikuwa ghalani, isipokuwa kimoja. Kipozeo, kimiminika cha kupoza mitambo, kilibaki cha siku mbili. Washirika wetu wangefika Jumapili, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Kituo kikianguka, miaka mitatu ya kazi ya watu mia mbili ingeteketea, na makoloni yetu yangechukuliwa pamoja nacho. Bundi aliita kikao alasiri yao, ambayo kwetu ilikuwa saa kumi na mbili hivi, wateja wanaanza kupungua. Nyundo akasema wenye makoloni machache waweke programu ya kuchimba ya siku sita, wasiguse kitu chochote, na kila mtu aombe Mungu wake.

Baba Neema alinisikiliza nikimtafsiria, akatikisa kichwa. "Mwambie hapana. Ukichimba kwa siku sita mfululizo unapata kidogo kila saa, kwa sababu mashine inakwenda kivivu. Mwamba unatoa sana mwanzoni. Tuchimbe saa moja moja, ikiisha tunaanza upya. Na makoloni yetu manane yanayotengeneza vipuri vya bei kubwa tuyavunje kesho asubuhi, tuyajenge upya yote yatoe kipozeo."

Hivyo vipuri ndivyo vilivyotulipia ada zote mbili. Tukiyavunja na kituo kikaanguka, tusingekuwa na cha kuanzia, na Baba Neema angerudi kwenye benchi. "Shemeji, yote manane?"

"Yote. Mwambie."

Nikamweleza Nyundo, kwa Kiingereza changu kizuri cha shule. Nyundo akacheka na kuuliza, huyo Baba ni nani hata awafundishe kazi watu waliocheza miaka mitano. Niligeuka kwa Baba Neema. "Anauliza kama una uhakika," nikasema.

"Hakusema hivyo. Kiingereza sikijui, Pili, lakini sauti ya mtu anayenidharau naijua. Na wewe ulipokuwa unamwambia maneno yangu nimesikia unasema plizi. Mara mbili. Mimi sikusema plizi."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimesema anaomba, kama itawapendeza, pengine ingewezekana. Nilikuwa nimezoea kuchapa barua zinazoanza kwa kuomba radhi, na nilimwandikia na yeye moja bila idhini yake. Hakupandisha sauti. "Sema kama nilivyosema," akaniambia. "Sema nimekaa chini ya ardhi miaka kumi na moja, nimeongoza watu ishirini na wawili, na hakuna mmoja aliyeachwa shimoni ila mguu wangu. Sema najua mwamba unavyochoka. Kisha nyamaza, uwaache wafikiri."

Niliikamata maikrofoni kwa mikono miwili nikasema. Kila neno, kwa mpangilio ule ule, hata la mguu. Nilipomaliza hapakuwa na sauti yoyote ila feni ya kompyuta. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha Bundi akasema, taratibu, "Mpeni Baba kila anachohitaji." Nimeajiriwa na kupandishwa cheo na kusimama mbele ya wakurugenzi tangu siku ile, na bado naamini nilikua mtu mzima katika dakika hiyo, kwenye kiti cha plastiki chenye ufa.

Tulivunja makoloni manane asubuhi yake. Kubofya tu, na jengo linapotea, kazi ya miezi. Baba Neema hakupepesa macho. Tukajenga upya, sayari za maji zikatoa maji, sayari za gesi zikatoa chumvi zake, viwanda vikaviunganisha. Kisha zikaanza zile saa. Kila saa moja tulifungua koloni moja baada ya jingine, yeye akisogeza vichwa vya vichimbio, mimi nikisukuma mzigo kutoka ghala hadi kituoni kwa chombo kidogo kilichozoea kukwepa. Kafe ikifungwa jioni tuliweka programu ndefu kidogo ya kutuvusha hadi asubuhi. Siku ya pili mguu wake uliobaki ulimvimba kwa kukaa. Mama Neema aliuona, akaleta kreti la soda, akalikunjia kanga juu, akauinua mguu wa mumewe na kuulaza pale kama anavyolaza mtoto. "Endelea," akamwambia.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, umeme ukakatika. Mtaa mzima ulinyamaza, majokofu, redio, mashine ya kunyolea ya jirani. Mzee Kassimu alikuwa na jenereta stoo, lakini aliilinda kuliko duka lenyewe. Tulikuwa tumebakiza dakika ishirini kabla vichimbio vyote havijasimama. Nilikwenda mezani kwake. Kabla sijasema akaniuliza, "Ni kweli hao watu mia mbili wanakingoja hicho kitu chenu kutoka humu ndani?"

"Kweli, mzee."

"Wazungu?"

"Wazungu, Wahindi, Wabrazili. Wa kila aina."

Alivua kofia yake, akaipangusa, akaivaa tena. "Babu yangu alifika hapa kutoka pwani kufanya biashara, na mimi nimeuza humu miaka thelathini. Hakuna mtu wa mbali aliyewahi kuningoja mimi," akasema. Akainuka, akaiburuta jenereta mwenyewe mpaka uani, mzee yule, na kuivuta kamba mara nne hadi ikaunguruma. Aliwasha kompyuta moja tu, ya saba, kisha akaleta kiti chake akaketi nyuma yetu. Umeme uliporudi jioni alikuwa bado pale, na alikuwa ameanza kumshauri Baba Neema kuhusu sayari ya gesi.

Jumapili washirika walifika. Sikuona vita vyenyewe, kwa kuwa kompyuta yetu isingemudu vyombo vingi namna ile, tulisikia tu kelele za maikrofoni, watu wanaitana kwa lugha nne tano. Ghalani kulikuwa kumebaki kipozeo cha saa sita. Ngao haikuzimika hata mara moja. Baba Neema alipoambiwa alisema "Wabeja," asante ya Kisukuma, akashusha mguu kutoka kwenye kreti, akaomba maji ya kunywa.

Wiki iliyofuata Bundi aliita kikao cha chama kizima. Alisema kituo kilipewa jina kwa haraka siku kilipojengwa, jina lisilo na maana yoyote, na anataka kulibadili. Anataka Baba achague. Nilimtafsiria. Nilimwona akitazama mlangoni, nje, ambako bodaboda zilikuwa zinagombea abiria na vumbi limesimama kwenye jua. Akasema neno moja. Nililiandika, na baada ya muda juu ya kile kituo kikubwa cheupe kinachoelea kati ya nyota, herufi zikabadilika: NYAHANGA.

Kisha wakaanza kulitamka. Ilikuwa balaa. Nayanga, Nihanga, Naya-hang. Baba Neema aliniondolea maikrofoni mkononi, mara ya kwanza tangu tuanze, akaisogeza mdomoni. "Hapana," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo naamini ndiyo aliyoitumia mdomoni mwa duara. "Nya. Ha. Nga. Rudieni." Wakarudia, mmoja mmoja, mabaharia wa anga wa nchi ambazo hatukuzijua, na kila aliyepatia aliambiwa "vizuri," na aliyekosea alirudishwa. Nyundo alirudishwa mara tatu. Mzee Kassimu alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, anatabasamu kama kituo ni chake.

Mama Neema akaingia na sahani za chakula, akasimama kati ya chumba. Spika zilikuwa wazi. Sauti za watu zilikuwa zinaita jina la mtaa wake, moja baada ya nyingine.

"Baba Neema, hao ni akina nani?"

"Ni watu wa kazini," akasema, bila kugeuka. "Weka hapo mezani, nakuja. Kuna mmoja bado hajapatia."